Mke Wangu Kwenye Rada

4 Februari

Mke wangu mpendwa,

Shikamoo kwanza, utani baadaye, usije ukasema mjini nimetupa adabu. Nimefika salama. Mgongo tu ndio unalalamika kwa zile ngazi ulizonipandisha na kunishusha, mara sogeza huku, mara vumbi linaingia kwenye cherehani. Bibi mmoja, kelele za mafundi kumi.

Sasa nakueleza tena kwa maandishi, maana nilipokuwa nakueleza kwa mdomo ulikuwa unaitikia "ehe, ehe", na mimi naijua hiyo ehe yako ya mtu asiyesikia. Simu huitaki kwa sababu ya masikio, basi tutaandikiana kama wachumba wa zamani.

Vile vidude vyeupe nilivyobandika ukutani, kimoja chumbani na kimoja bafuni, ni rada. Ndiyo, rada ile ile ya ndege na meli. Zamani lilikuwa dude kubwa kama nyumba, linazunguka juu ya kilima na askari wanalilinda. Wataalamu wakalipunguza, wakalipunguza, leo moyo wake umekuwa mdogo kama ukucha wako wa kidole gumba. Kazi haijabadilika. Inatupa mawimbi, yanakugonga, yanarudi na habari zako. Inajua umekaa, umelala, umesimama au umeanguka. Inajua hata kifua kinavyopanda na kushuka unapopumua. Ziko za kwenye magari, gari linajifunga breki kabla dereva hajamwona mtu. Ziko za kutafutia watu waliofukiwa na vifusi. Na aliyekufungia ya kwako ni mimi, Antena, yule ambaye walimu walisema hafiki popote. Masikio makubwa yaliyonipa jina hili yalijua yanakoelekea.

Mama Mdogo ameshaapa kwamba ukianguka tena bafuni anakuja na gari, anakuhamishia kwake, nyumba inapigwa kufuli. Nikamwambia, Mama Mdogo, huyu bibi hahami, rada itakaa naye. Kwa hiyo uhuru wako umebandikwa ukutani. Usiuguse na ufagio.

Na raha yenyewe ndiyo hii. Habari zote zinakuja kwenye simu yangu. Mke wangu, sasa nakuona. Ukilala nakuona, ukiamka nakuona, ukioga nakuona. Ukuta si kitu. Ukiingiza mchumba humo ndani nitajua kabla hajavua viatu.

Mumeo,
Antena

12 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia umefika. Cherehani nimeifuta vumbi lako, na ile suruali uliyoisahau nimeipunguza kiuno. Unakonda wewe. Ukioa mke wa pili mwambie ajue kupika, maana wa kwanza yuko mbali.

Nina jambo dogo la kuuliza, na usinicheke. Hicho kidude cha bafuni, hakiwezi kuzimwa kidogo mtu akiingia kuoga, halafu kikawashwa? Nauliza tu. Bafuni ni bafuni. Nimekitundikia kitambaa, kile cha maua kilichobaki kwenye mapazia, kimeenea vizuri, lakini sijui kama kinasaidia. Nijibu upesi, na usimwambie Mama Mdogo kwamba nimeuliza.

Mke wako,
Bibi

19 Februari

Mke wangu mwoga,

Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Yaani unaogopa maji yatakiharibu kidude. Bibi, hicho si redio ya mbao. Kimezibwa vizuri, mvuke haukifanyi lolote, povu la sabuni ndio kabisa. Oga, imba, rusha maji mpaka darini. Ila usikizime hata kidogo, kwa sababu bafuni ndiko wazee wanakoangukia, na wewe umeshaonyesha mfano.

Kitambaa cha maua kiache kama kinapendeza, lakini usidhani kinaizuia rada. Kitambaa kwake ni hewa. Pazia, blanketi, gauni, koti, mlango wa mbao, mawimbi yanapita utadhani hakuna kitu. Wewe umeshona maisha yako yote, umevisha mji mzima, na leo mjukuu wako ameleta mashine ambayo nguo haiijui. Kubali tu kwamba tumekushinda.

Juzi wakati wa chakula niliwaonyesha wenzangu simu. Nikawaambia, "Huyu mke wangu, tazameni, anageuka upande wa pili. Na hapo anapumua." Wakaacha kula wote wakasogea, hata yule mpiga rangi anayejifanya anajua kila kitu. Siku hizi wakikwama wananiita mimi, fundi mkuu wanampita mlangoni. Kisha mpiga rangi akauliza mbona Jumapili ulikaa bafuni muda mrefu namna ile. Nikamjibu ulikuwa unajisugua magoti kwa ajili yangu. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Haya, niambie sasa. Ulikuwa unajipamba kwa ajili ya nani?

Mumeo mwenye macho,
Antena

27 Februari

Mjukuu wangu,

Nimekuelewa. Sikujua kama na wenzako wanaona.

Suruali iko tayari, atakuletea Mama Mdogo akija huko. Mimi mzima.

Bibi yako

8 Machi

Mke wangu mwenye hasira,

"Mjukuu wangu" ndiyo nini? Tumeachana lini, na mimi sijaitwa kwenye kikao? Barua yenyewe fupi kama risiti. Nikadhani umeishiwa wino, nikakuwekea kalamu ndani ya bahasha hii, ile ya bosi, usimwambie mtu.

Halafu kuna jambo. Siku kadhaa sasa simu yangu inasema chumba kitupu na bafu tupu. Hakuna mtu. Nikaangalia asubuhi, hakuna. Nikaangalia jioni, hakuna. Nikasema, huyu bibi ameolewa. Amepata mzee mwenye meno yake yote, wamehamia kwa mzee.

Nilimuuliza fundi mkuu kijanja, bila kukutaja. Akasema labda mtandao, au mtu ameiziba kwa chuma. Rada haipiti kwenye bati, sinia wala sufuria. Nikamjibu kwamba anayeishi mle ni mtu mzima, hawezi kuifunika mashine sinia kama wali. Kwa hiyo ni mtandao. Nikipata nafasi nitakuja kuutia akili.

Mama Mdogo sijamwambia. Nikimwambia simu haikuoni, atawasha gari hata kabla sijamaliza sentensi, nawe utajikuta kwake unafundishwa kula kwa ratiba. Nakulinda mimi. Unanidai shukrani, au tuseme mimi ndiye nakudai, hesabu sijawahi kuziweza.

Andika, mke wangu. Hata matusi nitapokea.

Antena wako

15 Machi

Antena,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikiisikia sauti yako nitasema maneno ambayo mama mdogo hapaswi kumwambia mtoto wa dada yake.

Mama ameanguka. Hakuanguka bafuni wala chumbani. Ameanguka nyuma ya nyumba, kwenye kile kichochoro kati ya ukuta na tangi la maji, alikokuwa anaoga kwa beseni alfajiri, kabla watu hawajaamka. Jirani alisikia beseni likibingirika akadhani ni paka. Alikuja kumwona jua likiwa limeshatoka, amelala kwenye saruji, amejifunga shuka lililolowa, na mkono wa kulia umevunjika. Alikuwa baridi, Antena. Mama yangu alikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Nikaingia ndani kumtafutia nguo. Kwenye kila mashine yako nikakuta mfuko umetundikwa. Ameushona kwa mkono, pindo safi, na utepe wa kufungia. Nikadhani ni mapambo. Nikafungua. Ndani ya mmoja mna sinia la chai, ndani ya mwingine mna kifuniko cha sufuria. Na hata hivyo hakuamini kama vinatosha, ndiyo maana akatoka nje. Barua yako ya mwisho ilikuwa mezani, haijafunguliwa. Nimeifungua mimi. Kumbe ulijua simu haimwoni, ukanyamaza.

Hospitali, nesi alipotaka kumvua nguo ili apigwe picha ya mkono, mama alinishika kwa ule mkono mzima akaniuliza polepole, "Na huku anaona?"

Nikamwambia, "Nani, mama?"

Akageuza uso ukutani.

Nimempigia bosi wako kumuuliza kwa nini simu yangu haikulia mama akipotea kwenye mashine. Akaniambia mashine za mama zilitakiwa ziunganishwe na simu ya mtu wa nyumbani wa karibu, yaani mimi, na kwamba fundi haruhusiwi hata kuzichungulia. Akaangalia, akakuta zinakuja kwako. Akaniuliza jina lako mara mbili.

Sasa yuko kwangu. Nyumba nimeifunga, cherehani imebaki humo. Analala na nguo zote, mpaka soksi. Nakuuliza jambo moja. Ulimwambia nini mama yangu?

Mama Mdogo

18 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Nimeandika "mke wangu" hapo juu, nikaifuta, nikachukua karatasi nyingine. Sijui leo nina ruhusa ya kukuita nani.

Bibi, mimi sikuoni. Sijawahi kukuona. Sikiliza, au soma polepole, miwani ikiwepo. Kwenye simu hakuna sura, hakuna mwili, hakuna mguu wala mgongo. Kuna mraba ambao ndio chumba chako, na ndani yake kuna nukta ya kijani. Pembeni kuna mstari unaopanda na kushuka, hiyo ndiyo pumzi. Basi. Nakuchorea:

•

Huyo ndiye wewe niliyekuwa namwona. Ukimweka nzi kwenye karatasi amekuzidi sura. Rada inapita kwenye nguo kweli, lakini haijui kama hiyo ni nguo. Haijui kama wewe ni bibi au ni mwanajeshi. Nilisema nakuona kwa sababu "nakuona" inapendeza mdomoni kuliko "nasoma nukta". Na uliponiuliza kuhusu kuoga nilielewa maji. Naapa nilielewa maji. Nilikuwa na haraka ya kukufundisha, sikuwa na haraka ya kukusikia, halafu mimi ndiye ninayekutania kwa masikio.

Nilitaka niishie hapo, niseme ni nukta tu, yaishe. Haiishi. Nilikaa na wanaume mezani tukazungumza muda uliooga. Nikawapa magoti yako kama kichekesho. Nukta haina uchi, ni kweli, lakini mimi nilikuwa na mdomo, na waliokuwa wanasikiliza hawakucheka nukta. Walicheka bibi yangu. Uliponiandikia kwamba hukujua kama na wenzangu wanaona, niliisoma nikaona umepunguza maneno, sikuona umefunga mlango.

Natembea nimejikunja tangu barua ya Mama Mdogo. Nikipita dukani nadhani muuza duka anajua.

Kazini salama. Bosi alifoka kidogo yakaisha. Wananihitaji.

Mkono unauma sana?

Antena

27 Machi

Antena,

Nimempa barua yako. Ameisoma mwenyewe, akarudia, akaishika karatasi mwangani akaitazama ile nukta. Nilimuuliza anasemaje. Akasema, "Ananiambia ni nukta. Na kwanza aliniambia ananiona. Nitajuaje lipi ndilo la kweli?" Kisha akaomba asaidiwe kufunga vifungo.

Daktari anasema mkono utaunga. Kuhusu kurudi nyumbani kwake, nimekataa. Bila mashine sikubali akae peke yake, na mashine hataki hata kuisikia. Anakaa dirishani kwangu anatazama watu wanavyopita. Juzi alisema gauni la mtoto wa jirani limekatwa vibaya kwapani. Hilo ndilo neno lake refu kuliko yote tangu afike.

Kama una akili nyingine zaidi ya ile ya kubandika vitu ukutani, huu ndio wakati wake.

Mama Mdogo

2 Aprili

Mama Mdogo, na Bibi ukiwa karibu naye,

Shikamooni wote wawili.

Bibi ameuliza swali la haki, na mimi jibu la mdomo sina tena, mdomo wangu umeshuka bei. Kwa hiyo nimefanya hivi. Nilikuwa na rada mbili za kujifunzia kazi. Moja nimeibandika chumbani kwangu, juu ya kitanda, na nyingine kwenye bafu langu. Habari zake zinakuja kwenye simu yako, Mama Mdogo, si ya mtu mwingine. Bonyeza lile duara la buluu nililokutumia, utaona miraba miwili. Mpe Bibi simu, akae nayo.

Bibi, mimi ndiye huyo. Niangalie. Nitalala, utaona nimelala. Nitaoga, utaona naoga, na utaona kwamba hakuna cha kuona. Hesabu kama unataka. Waite majirani, mwite na yule mama wa gauni la kwapani, mcheke pamoja. Sitaweka sinia.

Mchana ukikuta hakuna nukta usishtuke, nakuwa kazini. Wamenipa majengo makubwa siku hizi, narudi jioni nimechoka.

Ukisharidhika kwamba ni nukta, sema tu, nitakuja kufanya utakalo. Ukitaka nizing'oe zote nitazing'oa. Ukitaka nisije, nitajua.

Antena

16 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo kama kuna mahali hupaelewi, rudia, na mimi nilirudia vya kwako.

Nimeona. Ni nukta. Siku ya kwanza nilikaa na simu hiyo kama mtu aliyepewa haki yake mkononi. Ulipoingia bafuni nilimwita Mama Mdogo, nikamwambia, njoo umwone fundi anaoga. Tulicheka. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilisema moyoni, naye aonje.

Asubuhi iliyofuata ulitoka. Nikasema, anakwenda kwenye majengo yake. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umerudi. Kesho yake hukutoka, wala keshokutwa. Watu wote wako makazini na nukta yako imelala kitandani. Mama Mdogo akasema labda mashine imekwama. Nikamwambia haijakwama, tazama mstari.

Umenifundisha mwenyewe kwamba ule mstari ni pumzi. Sasa mimi nimelea watoto, na wewe nimekulea tangu hujajua kukaa, nimelala na vifua vyenu karibu na sikio langu wakati bado linasikia. Aliyelala mstari wake ungekwenda kama mshono wa cherehani, sawasawa. Wako ulikuwa unapanda kwa vipande vipande, unasimama, kisha unashuka wote kwa mara moja. Mtu anayepumua hivyo mchana, kwenye chumba kilichofungwa, hajalala. Anauma mto kilio kisisikike.

Hapo niliona aibu. Si yako, yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha watu na chai yangu, natazama kitu ambacho hukunionyesha. Uliniita niangalie nukta, hukuniita niangalie hilo. Mama Mdogo alinyoosha shingo aone, nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikamwambia imeisha chaji. Alitaka kumpigia bosi wako aulize kama bado una kazi. Nimemkataza. Ukitaka kuniambia, utaniambia. Usipotaka, sijui kitu.

Tangu siku hiyo sijaigusa. Ing'oe hiyo mashine yako, upumue.

Mimi narudi kwangu. Nimeshawekeana maneno na Mama Mdogo na amekubali kwa shingo upande. Mashine zitawashwa, ya chumbani na ya bafuni, kwa sababu saruji ya nyuma ya nyumba imeniumiza na sitaki kuilalia tena. Zitaita kwake nikianguka, na kwake tu. Kwa siku nyingine zote nimemwambia aishi maisha yake.

Njoo wewe uzifunge. Nimesema wewe, sitaki fundi mwingine. Suruali yako ninayo na sasa nadhani kiuno kitabidi kipunguzwe tena.

Ukifika, piga hodi. Piga kwa nguvu, unajua nilivyo. Nisipojibu upesi usizunguke nyuma, usichungulie dirishani, usimuulize jirani kama nipo. Nitakuwa navaa. Simama hapo mlangoni ungoje.

Bibi yako